Lijue Gari Kabla ya Kuteremka Mlima: Somo kwa Madereva Wapya

Barabara inayoteremka kutoka Wundanyi hadi Mwatate haina huruma kwa dereva asiyelijua gari lake. Kona ni nyingi, upande mmoja ni mlima na upande wa pili ni bonde, na dereva hulazimika kupunguza mwendo kila mara. Anayefika chini akisikia harufu ya kitu kinachoungua huenda akadhani kuna mtu anachoma taka kando ya njia. Mara nyingi harufu hiyo inatoka kwenye magurudumu yake mwenyewe. Ni breki zilizopata moto kupita kiasi, na dereva hajui kwamba amebakisha kona chache tu kabla ya kukanyaga pedali na kukosa breki.

Somo hili ni kwa wakazi wa Taita Taveta wanaojifunza udereva, waliopata leseni majuzi, na wale walionunua gari la kwanza wakalikabidhi kwa kijana wa nyumbani. Wanafunzi wanapojitayarisha kwa mtihani wa NTSA, wengi hutumia saa nyingi kwenye ubao wa mji wa mfano, wakisukuma kigari kidogo kuzunguka mzunguko wa barabara na kukariri alama. Hilo ni sawa, kwa maana asiyejua sheria hafai kuwa barabarani. Lakini ubao hauna breki wala oili, na hauna mlima wa Wundanyi.

Kabla ya yote, sheria inamtaka anayejifunza awe na leseni ya muda, aweke alama ya "L" mbele na nyuma ya gari, na awe na mtu mwenye leseni kando yake. Kwa gari dogo, umri ni miaka 18 na zaidi. Kuazimwa gari na mjomba jioni ili "kujaribu kidogo" kwenye uwanja wa shule hakuondoi masharti hayo pindi gari linapoingia barabarani.

Kiti, vioo na mshipi

Mtu akiingia kwenye gari lililoendeshwa na mwingine, hamu ya kwanza ni kuliwasha. Ni heri aanze na kiti. Kiti kinafaa kusogezwa mpaka mguu uweze kukanyaga klachi au breki hadi mwisho huku goti likiwa bado limekunjwa kidogo. Mguu ukinyooka kabisa, dereva hawezi kukanyaga kwa nguvu zote siku ya dharura. Mgongo ukiwa umeegemea kiti, kifundo cha mkono kiweze kufika juu ya usukani bila bega kunyanyuka. Kiegemeo cha kichwa nacho kipandishwe kifike nyuma ya kichwa, si shingoni. Wengi hukichukulia kuwa mto wa kupumzikia, kumbe kazi yake ni kuzuia shingo isivunjike gari likigongwa kutoka nyuma.

Baada ya kiti, vioo. Kioo cha ndani kionyeshe dirisha lote la nyuma. Vioo vya pembeni vionyeshe ubavu wa gari kidogo tu, na sehemu kubwa iwe barabara. Hata vikiwekwa sawasawa, kuna pembe ambayo hakuna kioo kinachoiona, na hapo ndipo bodaboda hupenda kupita, hasa Voi mjini. Kwa hiyo kabla ya kuhama upande, dereva atazame kioo, kisha ageuze kichwa mara moja na kuangalia kwa macho.

Mshipi ni wa kila aliye ndani, hata abiria wa nyuma. Mkanda wa chini upite kwenye nyonga, si tumboni, na hilo ni muhimu zaidi kwa mama mjamzito.

Jambo moja dogo linalosahaulika ni sakafu. Chupa ya maji ikiviringika ikaingia chini ya pedali ya breki, breki haitakanyagika. Zulia lililojikunja hufanya vivyo hivyo kwenye pedali ya mafuta, nalo gari likaendelea kunguruma hata mguu ukiondolewa. Viatu vya kuteleza na vya visigino virefu ni vyema vikae buti.

Pedali tatu, miguu miwili

Gari la gia za mkono lina pedali tatu. Kutoka kushoto ni klachi, breki, kisha mafuta. Mguu wa kushoto una kazi moja tu, klachi. Mguu wa kulia unashika breki na mafuta, na sababu yake ni kwamba hakuna wakati ambapo dereva anahitaji kukanyaga zote mbili kwa pamoja akiwa safarini. Gari la otomatiki lina pedali mbili, na mguu wa kushoto hupumzika. Aliyezoea gia za mkono akihamia otomatiki, mguu huo wa kushoto hutafuta klachi, ukaikuta breki na kuikanyaga kwa nguvu zote. Abiria wote hujikuta wameinama mbele. Siku za kwanza afadhali auvute mguu huo nyuma kabisa.

Klachi huunganisha na kutenganisha injini na magurudumu. Ikikanyagwa mpaka chini, injini huzunguka peke yake. Ikiachiliwa polepole, inafika mahali ambapo gari linatetemeka kidogo, sauti ya injini inashuka, na pua ya gari inataka kuinuka. Hapo ndipo klachi imeanza kushika. Dereva mpya akishaijua sehemu hiyo kwa mguu wake, amemaliza nusu ya shida zake.

Mtihani halisi wa klachi ni kuanza safari gari likiwa limesimama kwenye mpando. Kila mwalimu wa udereva amewahi kusikia kilio hiki:

"Mwalimu, linarudi nyuma!"

"Usiogope, dada. Kanyaga breki, vuta handibreki. Sasa rudi pole kwa klachi mpaka ulisikie likivuta. Ongeza mafuta kidogo. Likitaka kwenda, ndipo uachie handibreki."

Utaratibu ni huo huo kwa watu wote, na haraka haisaidii. Kosa ambalo madereva wenye uzoefu pia hulifanya ni kulizuia gari kwenye mpando kwa klachi na mafuta, bila breki, wakingoja lori la mbele liondoke. Klachi husuguana na kuungua, na harufu yake ni kali. Vilevile dereva anayesafiri huku mguu wake umelala juu ya pedali ya klachi anaila klachi hiyo kidogo kidogo bila kujua.

Gia na mteremko

Gia ya kwanza ina nguvu nyingi na mwendo mdogo, na gia ya tano ina mwendo mwingi na nguvu ndogo. Hilo kila mwanafunzi anaambiwa. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba gia pia ni breki. Gari likiwa kwenye gia ya pili na mguu umeondolewa kwenye mafuta, injini hulizuia lisikimbie. Kwenye gari la otomatiki, kazi hiyo hufanywa na nafasi zilizo chini ya D, zinazoandikwa L, 2, S au B kutegemea aina ya gari. Wenye magari mengi yaliyoagizwa kutoka Japani hukaa nayo miaka bila kuuliza B ni ya nini. Ni ya mteremko.

Breki hufanya kazi kwa msuguano, na msuguano huzaa joto. Kwenye tambarare ya Voi, breki hukanyagwa mara moja moja na hupata muda wa kupoa. Kwenye mteremko mrefu, dereva anayezishikilia muda wote hazipi nafasi hiyo. Pedi zikipata joto sana hupoteza mshiko wake. Joto likiendelea, mafuta ya breki yaliyozeeka, ambayo hufyonza unyevu kadiri miaka inavyopita, huweza kuchemka ndani ya mabomba. Hapo pedali huwa laini kama sifongo na hushuka mpaka sakafuni bila gari kupungua mwendo. Fundi akilikagua gari siku ya pili, breki zikiwa zimepoa, anaweza asione kasoro yoyote.

Njia sahihi ni kuchagua gia ya chini kabla mteremko haujaanza, si katikati yake. Kanuni ya wazee wa malori ni kuteremka kwa gia ile ile ambayo gari lingehitaji kupanda, na kwa gari dogo kanuni hiyo bado inafaa. Breki zikihitajika, zikanyagwe kwa uthabiti mpaka mwendo upungue, kisha ziachiliwe zipumue.

Kinyume cha hayo ni tabia ya kuteremka gari likiwa "fri", yaani gia imeondolewa, kwa imani kwamba mafuta yanaokolewa. Kuna wanaofika mbali zaidi na kuzima injini. Katika magari ya kisasa yanayonyunyiza mafuta kwa kompyuta, imani hiyo ni potofu. Gari likiteremka ndani ya gia na mguu ukiwa nje ya mafuta, kompyuta hukata mafuta karibu yote, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Likiwa fri, injini haina cha kuizungusha, kwa hiyo lazima ichome mafuta ili isizime. Anayeteremka fri basi anatumia mafuta zaidi, na amejinyima breki ya injini.

Kuzima injini ni hatari kubwa zaidi. Breki za gari dogo husaidiwa na kifaa kinachotumia mvuto wa hewa wa injini. Injini ikizimika, msaada huo hubaki kwa mkanyago mmoja au miwili tu, kisha pedali huwa ngumu kama jiwe. Usukani nao huwa mzito. Na kama ni gari la ufunguo wa kuzungusha, ufunguo ukirudishwa mpaka mwisho na kuchomolewa, usukani hujifunga. Dereva amebaki na gari lenye kasi, lisilopinda wala kusimama.

Kuna jaribio rahisi la kujua kama kifaa hicho cha breki ni kizima. Injini ikiwa imezimwa na gari liko mahali tambarare, dereva akanyage breki mara nne au tano mpaka pedali iwe ngumu, kisha aendelee kuishikilia na kuwasha gari. Pedali inapaswa kushuka kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, gari liende kwa fundi kabla ya kwenda mlimani.

Na breki zikikosekana njiani? Mguu uondoke kwenye mafuta. Pedali ya breki ipigwe haraka haraka, kwa maana mara nyingine hurudisha presha. Gia zishushwe moja baada ya nyingine. Handibreki ivutwe taratibu huku kitufe chake kikiwa kimebonyezwa, ili dereva aweze kuilegeza magurudumu yakianza kuteleza. Ikivutwa kwa ghafla, gari huzunguka. Taa za hatari na honi ziwaarifu wengine. Ikibidi gari lisimamishwe kwa kitu, afadhali likwaruze ukingo wa mlima kuliko kutafuta nafasi upande wa bonde.

Vijiti vya usukani, taa na ukungu

Kwenye magari ya Kijapani, kijiti cha indiketa kwa kawaida kiko kulia na cha wipa kushoto. Magari mengi yaliyotengenezwa Ulaya ni kinyume. Ndiyo maana mtu aliyeazima gari huonekana akiwasha wipa juani anapotaka kuingia kituo cha mafuta. Linachekesha, lakini dereva wa nyuma hakuona indiketa yoyote. Dakika mbili za kujaribu kila swichi gari likiwa limesimama zinatosha.

Gari lililotoka Uingereza lina jambo lake. Geji yake ya mwendo husoma maili. Anayepita kituo cha biashara akiona sindano kwenye 50 na kujiona mtiifu yuko kilomita 80 kwa saa, ilhali mwisho katika miji na vituo vya biashara ni kilomita 50.

Taa kamili ni za barabara isiyo na gari linalokuja, na taa za dimu ni za kupishana na za kumfuata mwingine. Kwenye ukungu wa milimani, taa kamili humrudia dereva machoni kama ukuta mweupe, kwa hiyo dimu ndizo zinazofaa. Taa za hatari ni za gari lililosimama mahali pabaya. Anayeziwasha akiwa safarini kwenye ukungu huficha indiketa zake, na wa nyuma hajui kama anakata kona au amekwama. Kioo cha mbele kikiota mvuke kwa ndani, kitambaa husaidia kwa sekunde chache tu. Swichi yenye picha ya kioo na mishale inayopanda huelekeza hewa kwenye kioo, na hewa baridi ya AC hukausha unyevu upesi.

Usiku kati ya Mwatate na Taveta, mahali barabara inapopita karibu na Tsavo, ndovu huvuka. Mwili wake mweusi haurudishi mwanga, na taa za dimu zinaweza kuonyesha miguu tu. Mwendo wa pale upimwe na umbali ambao taa zinaonyesha.

Dashibodi ina lugha ya rangi

Ufunguo ukifika hatua ya pili kabla injini kuwaka, taa nyingi za dashibodi huwaka pamoja, kisha huzima gari likishawaka. Hilo ni jaribio la taa zenyewe. Taa ambayo haiwaki kabisa hapo huenda imeungua, au imezimwa makusudi na aliyeliuza gari ili mnunuzi asione kasoro. Mnunuzi wa gari kuukuu achunguze hili kabla ya kutoa pesa.

Rangi ya kijani au buluu husema kitu kimewashwa. Manjano husema kuna jambo la kupelekwa kwa fundi karibuni. Nyekundu husema simama. Miongoni mwa nyekundu, mbili hazina mjadala. Ya kwanza ina picha ya kibuyu cha oili kinachotona. Maana yake ni kwamba presha ya oili imeshuka, na injini inasagana chuma kwa chuma. Kufika tu nyumbani kwa kilomita tatu zilizobaki kunaweza kugharimu injini nzima. Gari lizimwe mahali salama hapo hapo. Ya pili ni ya joto, yenye picha ya kipimajoto ndani ya maji, au sindano inayokaribia herufi H. Gari lizimwe, boneti ifunguliwe, na kifuniko cha rejeta kisiguswe mpaka ipoe kabisa. Maji yaliyo ndani yana presha na hupita joto la kuchemka, na kifuniko kikilegezwa hurukia uso na mikono.

Taa nyekundu yenye alama ya mshangao ndani ya duara huwaka handibreki ikiwa imevutwa. Ikiwaka handibreki ikiwa chini, mafuta ya breki yamepungua, na mara nyingi sababu ni pedi zilizokwisha au mahali panapovuja. Kuongeza mafuta na kuendelea na safari ni kuificha dalili. Picha ya betri haimaanishi betri ni mbovu. Maana yake ni kwamba alteneta haichaji, na gari litakwenda mpaka umeme uliobaki uishe.

Chini ya boneti na kwenye matairi

Oili hupimwa gari likiwa tambarare na injini imepoa. Kijiti huchomolewa, hufutwa, hurudishwa mpaka mwisho, kisha huchomolewa tena na kusomwa. Alama ya oili ikae kati ya vitundu viwili. Kuijaza kupita cha juu nako kuna madhara. Tangi dogo la kulanti lina alama zake pembeni, na la mafuta ya breki vilevile. Maji ya mtungi yanafaa kwa dharura, ila chumvi na kutu huziba rejeta yakitumiwa miezi na miezi.

Presha ya matairi imeandikwa kwenye kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Mhudumu wa upepo asiulizwe aweke ngapi, aambiwe. Namba kubwa iliyochapishwa kwenye tairi lenyewe ni ya juu kabisa linayovumilia, si ile ambayo gari linahitaji. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vituta vidogo vya mpira. Meno yakichakaa mpaka kulingana na vituta hivyo, yamebaki milimita 1.6 na tairi limekwisha, hata kama kwa macho halijawa kipara.

Anayenunua tairi la mitumba atafute namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira huo unaweza kuwa na meno mazuri na bado ukapasuka, kwa sababu umezeeka.

Ndani ya buti kuwe na spea yenye upepo, jeki, spana ya gurudumu na pembetatu za tahadhari. Dereva mpya abadilishe tairi mara moja nyumbani, mchana, gari likiwa tambarare, handibreki juu na jiwe nyuma ya gurudumu la upande wa pili. Nati zilegezwe kabla gari halijainuliwa, kwa maana gurudumu lililo hewani huzunguka tu. Wengi hugundua siku hiyo kwamba gereji ilikaza nati kwa mashine, na spana fupi ya gari haizifungui. Bomba la chuma la kurefusha mkono wa spana hupatikana kwa mafundi wa jua kali, na linakaa vizuri chini ya spea.